Sarafu ya Arobaini na Amana ya Chama



Wapenzi wasomaji, wiki mbili zilizopita hatukuwa Mombasa. Tulikuwa bara, Embu na Meru, kwa arusi ya mtoto wa ndugu yetu, na tuliahidi kuwaletea habari za shughuli hiyo. Tunawaomba radhi. Habari za arusi tutazisimulia siku nyingine, inshaallah, kwa sababu safarini tulikutana na jambo ambalo tumeona haifai kulichelewesha. Ni jambo la sarafu za kumbukumbu, zile ambazo dola huzitoa ili kukumbusha tukio fulani, na ambazo watu huziweka badala ya kuzitumia. Nyumba nyingi zinayo moja au mbili, ndani ya kasha au katika pindo la leso, na wenyewe hawajui wazifanyeje.

Embu na Meru ni miji ya mlimani, lakini kama ilivyo miji mingi ya bara, ndani yake mna mitaa ya Waislamu ya tangu zamani iitwayo Majengo. Tulishukia kwa mama mkubwa wa bibi arusi, katika Majengo ya Embu. Ni mjane wa makamo yaliyokwisha kupita, mwenye maneno machache na mkono mwepesi wa kukaribisha. Anajulikana mtaa mzima kwa mahamri yake ya alfajiri, na kwa miaka 18 amekuwa mweka hazina wa chama cha akina mama wa mtaa ule. Siku ya pili ya kukaa kwetu, baada ya alasiri, watoto walimwomba alete lile kopo. Akalileta, kopo la zamani la maziwa ya unga, akamwaga vilivyomo juu ya mkeka.

Ilikuwamo senti kumi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1952, yenye tundu katikati. Zilikuwamo thumni kadhaa, shilingi za Mzee Kenyatta, na nyingine za Rais Moi zilizochakaa hata sura haionekani vyema. Na peke yake, ndani ya kitambaa cheupe, ilikuwamo sarafu ya shilingi 40.

Kwa wale wasioijua, sarafu hiyo ilitolewa mwaka 2003, uhuru wa Kenya ulipotimiza miaka 40. Ni ya madini ya namna mbili, duara la ndani na pete ya nje, na ina sura ya Rais Mwai Kibaki, ambaye wakati huo ndio kwanza ameshika madaraka. Haikuwa ya kwanza ya aina yake. Kenya ilianza kutoa sarafu zake yenyewe mwaka 1966, na mwaka huohuo zikatolewa sarafu za dhahabu za shilingi 100, 250 na 500 kwa kumbukumbu ya kuzaliwa kwa Rais Jomo Kenyatta. Mwaka 1973, uhuru ulipotimiza miaka 10, ikatoka sarafu ya shilingi 5. Zile za dhahabu hazikuwa za watu kama sisi. Lakini hii ya arobaini iliingia mikononi mwa watu wa kawaida, na wengi waliiweka kwa sababu hawakuwa wamezoea kuona sarafu ya thamani ile.

Mama mkubwa alitueleza jinsi ilivyomfikia. Marehemu mumewe alikuwa dereva wa lori la kubeba kahawa. Jioni moja alirudi nyumbani akamwekea sarafu ile kiganjani, akamwambia, "Hii usinunulie sukari. Hii ni ya miaka arobaini." Hakuongeza neno. Miaka michache baadaye akafariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, na sarafu ikabaki katika kitambaa.

Tulimuuliza kwa nini inang'aa kuliko nyingine zote. Akainamisha uso, kisha akasema, "Niliisugua kwa ndimu na majivu, ili ipate bei." Mjukuu wake wa kiume, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, akainuka taratibu akatoka nje. Hapo tukafahamu kwamba pana jambo.

Jambo lenyewe ametupa ruhusa ya kuliandika, kwa sharti tusimtaje jina. Amesema huenda likamzuia mwingine.

Alipofariki Rais Kibaki mwezi wa Aprili 2022, maneno juu ya sarafu ya arobaini yalizidi katika mitaa ya Embu. Fulani kauza yake kwa maelfu, fulani kapata laki. Hakuna aliyemjua huyo fulani, lakini kila mtu alikuwa na habari zake. Maneno hayo hayakwisha. Mwaka jana, mwezi wa Oktoba, mjukuu yule, kijana wa miaka 15, aliona tangazo katika simu kwamba sarafu hiyo inanunuliwa kwa shilingi 400,000. Akapiga namba iliyotolewa. Akajibiwa na mtu mwenye sauti ya upole, aliyeitikia salamu vizuri na kumwita bibi yake "mama". Mtu yule akataka picha ya sarafu, akaisifu, kisha akasema inahitajika ada ya usajili, shilingi 2,500. Bibi akaituma kutoka katika pesa zake za mahamri. Siku ya pili mtu yule akasema mnunuzi yu tayari na gari liko njiani kuja Embu, imebaki ada ya bima tu, shilingi 4,000.

Pesa za mahamri zilikuwa zimekwisha. Ndani ya nyumba zilikuwamo pesa nyingine, katika kibweta cha chama.

"Nilijiambia ni mkopo wa siku moja," alitueleza. "Nilijiambia kesho nitarudisha, na juu yake niwanunulie wenzangu leso jozi moja moja. Mkono ulitetemeka kufungua kile kibweta, na sikuusikiliza."

Gari halikuja. Namba ikawa haipatikani. Kijana aliipiga mpaka usiku, kisha akalala bila kula.

Wasomaji wetu, hasara ya shilingi 6,500 si ndogo kwa mtu anayeuza mahamri. Lakini mama mkubwa hakulilia zile 2,500, kwa kuwa zilikuwa zake. Zilizomnyima usingizi ni zile 4,000, zilizokuwa za wanawake 22 ambao kila Ijumaa humletea kidogo walicho nacho bila kuomba stakabadhi. Alikuwa na njia ya kuficha. Hesabu ya chama hufungwa mwisho wa mwaka, na kabla ya hapo angeweza kuziba pengo polepole pasina mtu kujua. Hakuifuata njia hiyo. Ijumaa iliyofuata, baada ya alasiri, wenzake walipokwisha kuketi, aliweka kibweta katikati ya mkeka akawaeleza yote tangu mwanzo, pamoja na zile leso alizokuwa akiwawazia. Kisha akasukuma ufunguo mbele, akawaambia wamchague mwingine.

Kilipita kimya. Wako walioguna, na mmoja alisema maneno makali, na mama mkubwa anasema alistahili kuyasikia. Mwishowe mkubwa wao kwa umri akauchukua ufunguo, akauliza, "Pesa zetu zitarudi lini?" Akajibiwa, mwisho wa Disemba. Akasema, "Basi ufunguo utakaa kwangu mpaka Disemba, na hesabu utaendelea kuandika wewe."

Mwezi wa Disemba shule zilipofungwa, kijana alikwenda kuchuma kahawa katika mashamba ya jirani. Wachumaji hulipwa kwa debe, na mkono wa mgeni wa kazi hujaza debe polepole. Alichuma wiki tatu. Zile 4,000 zikarudi kabla ya mwaka kwisha, nusu kwa mahamri na nusu kwa kahawa, na ufunguo ukarudi kwa mwenyewe mwezi wa Januari.

Kutoka Embu tulipanda matatu kwa njia ya Chuka mpaka Meru, ambako arusi yenyewe ilifanyika. Huko tulikutana na namna nyingine kabisa ya kukusanya sarafu.

Wasomaji watakumbuka kwamba Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 231, ilikataza pesa zetu kuwa na sura ya mtu yeyote. Miaka minane baadaye, tarehe 11 Disemba 2018, siku moja kabla ya Jamhuri, Rais Uhuru Kenyatta alizindua sarafu mpya katika Benki Kuu, Nairobi. Shilingi 1 ikapewa twiga, 5 kifaru, 10 simba, na 20 ndovu. Upande wa pili wa kila moja iko nembo ya taifa. Noti mpya zilifuata tarehe 1 Juni 2019, zikazinduliwa Narok siku ya Madaraka.

Mwenyeji wetu wa Meru, mfanyabiashara wa vitambaa karibu na soko la Gakoromone, aliutazama uzinduzi ule wa sarafu katika televisheni pamoja na wanawe. Mdogo wao akauliza, "Na sisi tutazinduliwa lini?" Kila mtu alicheka, lakini baba hakulipuuza swali. Benki Kuu ina kituo cha sarafu mjini Meru, na kutoka hapo pesa huzifikia benki za eneo lile. Kwa hiyo alivumilia. Sarafu mpya zilipoanza kuonekana madukani, akawa anaziweka kando moja moja, mpaka kila mtoto akapata zote nne. Kisha usiku mmoja baada ya maghrib, mama yao akatandika kitambaa cha kijani, akafunika sarafu kwa sinia la shaba, akapika kaimati, na nyanya yao akaalikwa awe mgeni wa heshima. Nyanya akafunua sinia na kusoma dua. Ukawa ndio uzinduzi wa nyumba ile.

Tumeona vitabu vidogo vya watoto hao. Katika kila ukurasa imebandikwa bahasha ya karatasi yenye sarafu, na chini yake mtoto ameandika kwa mkono wake: sarafu gani, ya mwaka gani, nani aliyenipa, siku gani, nyumbani kulikuwa na nini. Ukurasa mmoja unasema kwamba siku ile kulikuwa na mvua na kaimati ziliungua kidogo. Mwaka uliofuata baba aliwapeleka katika Mbuga ya Taifa ya Meru, mbuga ambayo Elsa, yule simba jike aliyejulikana duniani, alirudishwa porini na akazikwa humo. Wanyama wote wanne wa sarafu wamo katika mbuga ile. Watoto waliwaona twiga, ndovu na kifaru. Simba hakuonekana, na bahasha ya shilingi 10 ina maneno "bado tunamngoja".

Binti mkubwa alituonesha jambo ambalo sisi wenyewe hatukuwahi kulitazama kwa makini. Katika nembo ya taifa, chini ya ngao na wale simba wawili, uko Mlima Kenya, na juu yake mazao ya nchi, kahawa na chai yakiwamo. "Ndio hapa kwetu," akasema, akionesha dirishani upande wa mlima. Tukamkumbuka yule kijana wa Embu na madebe yake.

Sisi wa pwani tulipaswa kulijua hili kabla ya wengine, kwamba sarafu husema. Nyumbani kwetu iko pesa ya shaba ya Sayyid Barghash wa Zanzibar, ya mwaka 1299 Hijria, tuliyoachiwa na bibi yetu. Ina chapa ya mizani. Bibi hakujua bei yake wala hakuiuliza. Alikuwa akituonesha ile mizani kila tulipotumwa dukani, akasema, "Hesabu chenji ya mwenye duka kama unavyohesabu yako." Mjini Mombasa, mwaka 1888, Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki nayo ilitoa sarafu zenye jina la mji wetu. Kampuni imekwisha na enzi imekwisha. Zilizobaki ni vipande vya madini, pamoja na maneno ambayo wazee waliyaambatanisha navyo.

Kwa hayo tuliyoyaona katika miji miwili, tunapenda kuwausia wenzetu mambo machache.

Kwanza, anayetaka kununua hakuombi pesa. Mnunuzi wa kweli huja na zake. Ukiambiwa utume ada ya usajili, ya bima, ya usafiri au ya jina lingine lolote kabla ya kulipwa, mazungumzo yamekwisha. Mwite mtu mzima wa nyumba, usiifiche habari, na wala usione haya kuuliza. Wezi hawa hutegemea haya zetu kuliko ujinga wetu.

Pili, usiisugue sarafu. Ndimu, majivu, mchanga na dawa ya meno huondoa uso wa madini, na wakusanyaji wa sarafu huipunguzia thamani iliyosuguliwa. Ishike kwa ukingo, iweke mahali pakavu katika karatasi safi. Hewa yetu ya bahari ina chumvi, kwa hiyo sisi tunahitaji uangalifu zaidi kuliko watu wa Meru.

Tatu, tujue hukumu kabla ya kuuza na kabla ya kuweka. Sarafu za dhahabu na fedha hazitoki katika zaka kwa sababu ya kuitwa kumbukumbu. Zikifikia nisabu, ambayo kwa dhahabu ni takriban gramu 85, na zikapitiwa na mwaka, zina haki ya wengine ndani yake. Mwenye kukusanya kwa nia ya biashara naye ana hesabu ya mali ya biashara. Na kuuza sarafu ya shilingi 40 kwa shilingi nyingi zaidi ni suala linalogusa mlango wa riba, kwa kuwa huulizwa kwanza kama sarafu ile ingali ni pesa au imekuwa bidhaa. Hapo sisi hatutoi fatwa. Muulizeni sheikh wa msikiti wenu kabla ya kupeana mikono.

Nne, usiingize pesa ya mwingine katika tamaa yako, hata kwa usiku mmoja, hata kwa nia ya kuwanunulia leso. Na ukiwa umekwisha kuteleza, fanya kama alivyofanya mama mkubwa: kiweke kibweta katikati ya mkeka mapema, kabla uongo haujahitaji uongo wa pili.

Tano, andikeni. Sarafu isiyo na maelezo, mwenyewe akifariki, ni kipande cha madini ambacho warithi watagombania au kununulia mkate. Karatasi moja yenye jina la aliyeitoa, aliyepewa na siku yenyewe haigharimu kitu.

Siku tuliporudi kupitia Embu tuliwaachia daftari dogo, mfano wa yale ya watoto wa Meru. Mama mkubwa hakuzoea kuandika mambo marefu, kwa hiyo kijana alishika kalamu, na bibi akasema. Aliandika habari ya lori la kahawa na maneno ya marehemu babu yake. Alipofika katika habari ya Oktoba akasita, akauliza, "Na hii, bibi?"

Mama mkubwa alikuwa akikanda unga wa mahamri ya kesho. Hakuinua macho.

"Andika yote," akasema. "Andika na madebe."

Mwenyezi Mungu atuhifadhie amana zetu na wenye kuziweka, na awalipe kheri wenyeji wetu wa Embu na Meru. Tukutane wiki ijayo, inshaallah, na habari za arusi kama tulivyoahidi.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.